Pembe Chini ya Bamba

Bwana meneja alileta geti linalojifungua lenyewe mwaka 1954, nami nikabaki bawabu wa geti lisilohitaji bawabu. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo linaniudhi. Miaka kumi na moja nilikuwa nimelifungua geti la mwanzo kwa mikono yangu. Lilikuwa la mbao, na siku likikataa unalipiga teke, linakusikia. Hili jipya lilikuwa chuma kitupu, urefu wa hatua kumi, linatembea kwa magurudumu juu ya reli, na mota ya umeme pembeni inalivuta kwa mnyororo. Watu walitoka Kwala na Mlandizi kuja kwetu Soga kutazama geti. Walisimama nje ya shamba la mkonge wakingoja lori litoke. Geti likisogea wanacheka, wanarudi makwao.

Siri yake yote ilikuwa bamba. Katikati ya lango, juu ya shimo lisilofika magotini, palilazwa bamba la chuma lenye upana wa mlango wa nyumba, nusu yake nje ya geti na nusu ndani. Gari likikanyaga bamba, litoke ndani au litoke nje, bamba linashuka unene wa kidole na kugandamiza swichi iliyomo shimoni. Mota inanguruma, geti linafunguka. Gari likishapita, geti linangoja kidogo kisha linajirudisha. Watu watano wakilikanyaga kwa pamoja halishuki, tulijaribu. Lilitaka uzito wa gari. Sisi wa miguu tulipita mlango mdogo wa pembeni.

Mimi nikaachiwa kupiga saluti na kufagia. Tena kila Ijumaa nililiinua bamba upande mmoja kwa mtaimbo, nikachota mchanga na tope lililoingia shimoni, nikalishusha. Yaani nilimtumikia aliyeninyang'anya kazi. Meneja alikuwa Mgiriki, si mtu mbaya, ila aliamini mitambo kuliko watu. Ufunguo wa kuliachia geti kutoka kwenye mota, ili livutwe kwa mikono siku umeme ukikosekana, ulikuwa mmoja tu, naye alitembea nao mfukoni.

Nilikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, Mwanahalima. Mama yake alifariki yeye akiwa bado binti wa kucheza. Aliolewa na Salehe, dereva wa lori la shamba, wakakaa kwenye nyumba za kambi humo humo ndani ya ua. Salehe ni mkwe ambaye mtu unamwombea maisha. Lakini mimba zilikuwa hazikai. Ya kwanza ilitoka na miezi mitatu. Ya pili ilitoka na miezi saba, mtoto wa kiume, na mimi ndiye niliyembeba kwenda kumzika. Nilimbeba kwa mkono mmoja. Tangu siku hiyo, kila nilipomwona mwanangu anacheka nilimwonea huruma.

Alipobeba ya tatu nilikwenda Mzenga kwa Mzee Kitwana. Mimi ni mtu wa swala tano, na maalimu wangu angenisikia angenitoa msikitini kwa sikio. Nilijua, na nilikwenda. Mzee Kitwana hakunizungusha. Alisema kuna jicho linaingia pale kambini pamoja na watu, na haliwezi kuzuiwa chumbani, lazima lizuiwe mlangoni. Akanitengenezea zindiko. Ilikuwa pembe ya kondoo dume, kajaza dawa zake kiasi cha nusu, akaziba mdomo kwa nta ya nyuki, akaishonea ndani ya kaniki. Akaniagiza niizike pale ambapo kila aingiaye ataivuka, nisimwambie mtu, na nikishaizika nisipachokonoe tena. Neno la mwisho alilirudia mara mbili: ikifukuliwa kabla mtoto hajalia, basi kilichozuiwa nje kitaingia.

Kambi ile ilikuwa na lango moja. Ijumaa iliyofuata niliinua bamba, nikachimba shubiri moja kwenye mchanga wa shimo, nikaizika pembe, nikashusha bamba. Kuanzia siku hiyo sikulisafisha shimo tena. Ijumaa nilifagia juu juu nikapiga chuma kwa mtaimbo watu wasikie, nikaenda kuswali. Na mambo yakanyooka. Mwezi wa tano wa mimba ukapita, wa sita, wa saba. Ulipopita wa nane, Mwanahalima alianza kuniambia mtoto anampiga mateke Salehe akilala karibu, na mimi nikawa natoka kwenye kibanda changu asubuhi nalitazama lile bamba kwa mapenzi. Sikuwahi kudhani nitalipenda geti lile.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Siku ninayoisimulia, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, ikakatika alfajiri. Meneja alikuwa ameondoka jana yake kwenda Dar es Salaam, na geti lilimfungukia vizuri. Usiku maji yalijaa shimoni mpaka juu, asubuhi yakawa yameshuka na kuacha tope. Hayo niliyaona kwa macho yangu, sikuyafikiria.

Saa mbili kasorobo Bi Sikudhani, mkunga wetu, alinifuata kibandani. Uchungu ulikuwa umemshika Mwanahalima tangu jana alasiri. Mambo ya uzazi baba haambiwi, lakini mama hakuwapo, na mkunga alikuwa amechoka kiasi cha kutojali aibu. Aliniambia mtoto amelala mkingamo, mkono umetangulia, na hilo si la mikono yake. Ni la daktari wa Kisarawe.

"Yu hai," akasema. "Nimeuweka mkono wangu, amenishika kidole."

Kutoka pale mpaka Kisarawe, kwa lori na kwa tope lile, ni saa mbili na nusu. Treni ilikuwa imeshapita. Salehe hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitandika singa za mkonge nyuma ya lori, tukamlaza mwanangu juu yake, Bi Sikudhani akapanda na khanga zake na birika la maji. Mwanahalima alinitafuta kwa macho akanikuta. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesafiri, kwamba ameacha maharage jikoni, niyatoe yasiungue. Salehe akawasha injini, akaja mpaka langoni, magurudumu ya mbele yakapanda juu ya bamba.

Bamba halikushuka.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Nilisikia, chini ya ule mngurumo wa lori, kitu kikigonga chuma kwa ndani, mlio mkavu, mara moja tu. Nami nilijua papo hapo. Pembe iliyojazwa nusu na kuzibwa kwa nta huelea, hata mtoto wa pwani analijua hilo. Maji yalikuwa yameifukua kutoka mchangani, yakaipandisha, na yaliposhuka yakaiacha imekwama kati ya bamba na ulimi wa swichi. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Kisha nikaanza kazi ya kutojua. Nikajiambia labda umeme. Nikajiambia Matano atakuja, atagusa waya mmoja, geti litafunguka, na pembe itabaki pale ilipo mpaka mtoto alie.

Matano alikuwa fundi wa injini, mtu wa Tanga, mikono yake haikosi grisi na mdomo wake haukosi adabu. Alikuja mbio na mfuko wa spana. Kwanza alitazama taa ya kibandani kwangu, ikawa inawaka, basi umeme upo. Akafungua sanduku la fyuzi, akazitoa moja moja akizitazama kwenye mwanga. Nzima. Alizibadilisha hata hivyo. Salehe akarudisha lori nyuma, akalileta tena juu ya bamba. Kimya. Akarudia mara tatu, na kila mara lori likitikisika Mwanahalima alilia.

Matano akachuchumaa karibu na lango. Akaliangalia bamba, kisha akaniangalia mimi.

"Mzee Mwinyimadi, shimo hili unalisafisha?"

"Kila Ijumaa," nikasema.

Angekuwa fundi mwingine angesema asante mzee, na bado angeinua bamba aone mwenyewe. Matano alilelewa vizuri. Mtu wa umri wa baba yake akisema amesafisha, amesafisha, na kumpekua ni kumvunjia heshima mbele ya mkwewe. Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kwenye magurudumu ya geti. Nilimwona akilipa bamba kisogo. Moyo wangu ulitulia, na namwomba Mungu anisamehe utulivu ule kuliko anavyonisamehe uongo.

Sasa ilikuwa saa mbili na nusu. Matano alilala kifudifudi kwenye tope akakagua reli hatua kwa hatua. Alitoa jiwe moja, akatoa kipande cha bua, akasugua magurudumu kwa grisi. Alikagua mnyororo, akaukuta umelegea kidogo, akaukaza. Lori likaletwa. Kimya. Salehe alishuka akasema tulivute kwa nguvu. Watu wa kiwanda cha mkonge kilichokuwa humo uani wakaja na kamba ya mkonge nene kama mkono, ile tunayoisifu kwa wageni, wakaifunga kwenye geti na kwenye lori. Kamba ikakatika. Wakaleta waya wa chuma. Waya haukukatika, ila geti lilipinda katikati na halikusogea hata shubiri, kwa kuwa meno ya mota huling'ang'ania geti yasipozungushwa na umeme. Matano akapiga kelele waache, geti likipinda zaidi halitatembea kabisa hata umeme ukikubali.

Kuvunja ua hakukuwezekana. Nje yake palikuwa na handaki la maji, kina cha mtu mzima, limezunguka kiwanda chote. Kumbeba kwa kitanda mpaka Kisarawe ni mwendo wa kutwa nzima. Mtu mmoja alipendekeza tuifungue mota nzima. Matano akajaribu nati ya kwanza. Zilikuwa nne, zimeliwa na kutu, zimezama kwenye saruji. Alisema kwa nyundo na tindo ni saa tatu, labda nne.

Muda wote huo mimi nilikuwa nashika vitu. Nishikie spana, nashika. Nivutie waya, navuta. Kila nilipopita kando ya lori nilimsikia mwanangu. Mwanzoni alikuwa anaita mama, kama wanavyoita wote. Baadaye akawa ananiita mimi. Anasema Baba, anapumzika, anasema Baba. Nilikwenda nikamshika mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, nikamwambia Matano ni fundi mzuri, tunatoka sasa hivi. Mguu ulikuwa baridi na una jasho. Alinijibu kwa kutikisa vidole.

Ningeweza kusema pale pale. Nimelifikiria hilo miaka yote hii, na sijapata sababu inayosimama. Niliogopa. Nilisikia maneno ya Mzee Kitwana, kabla mtoto hajalia, na nikaona kwamba nikiinua bamba nitamuua mjukuu kwa mkono wangu, na nisipoliinua labda Mungu atafungua njia nyingine. Niliogopa pia, na hili ni dogo na chafu, uso wa Salehe, na uso wa Matano atakapojua nilimdanganya. Hofu kubwa na hofu ndogo zilikaa pamoja kifuani, na siwezi kukuambia ni ipi iliyonifunga mdomo. Nilisimama na spana ya mtu mkononi nikisoma Yasini kimoyomoyo, miguu yangu hatua mbili kutoka kwenye jibu.

Ilipokaribia saa nne Matano alifanya alilokuwa akilikwepa. Alisema mtambo wenyewe ni mzima, amri ndiyo haifiki, kwa hiyo ataipeleka amri kwa mkono. Alivunja kufuli ya sanduku la mota, ndani kukawa na nyaya saba, zote nyeusi. Akachagua mbili akazigusanisha. Mota iliguta mara moja, cheche zikaruka, moshi ukatoka, na taa ya kibandani kwangu ikazimika. Nyaya hazikuwa zenyewe. Alibadilisha fyuzi, taa ikarudi. Aliniambia hathubutu kubahatisha tena, mota ikiungua tumekwisha. Alikaa chini kwenye tope akashika kichwa. Salehe alikuwa amesimama mbele ya geti, vidole vyake vimeingia kwenye vyuma, analitikisa polepole, bila nguvu, naye analia wazi mbele ya watu.

Bi Sikudhani akanipungia mkono kutoka nyuma ya lori. Nilikwenda. Aliinama mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwangu.

"Hashiki tena," akasema. "Nimempa kidole, hashiki. Tumwokoe mama sasa, Mwinyimadi. Kama una dua yoyote uliyoiweka akiba, huu ndio wakati wake."

Nilimtazama Mwanahalima. Alikuwa ameacha kuniita. Macho yake yalikuwa wazi nusu, anatazama mbingu, na midomo imepauka. Sikufikiri tena habari ya jicho wala ya Mzenga. Nilirudi kibandani, nikachukua mtaimbo, nikamwambia Salehe arudishe lori nyuma kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwangu. Akatii.

Niliinua bamba. Tope lilikuwa limejaa, limekaza, tope la miezi mitano, na kila mtu aliyesimama pale aliliona. Nilipiga magoti nikaingiza mkono mpaka begani. Niliikuta mara moja, wala haikujificha. Ilikuwa imejipachika chini ya bamba, ncha yake juu ya ulimi wa swichi, na tope limeishikilia pande zote. Niliivuta, ikakataa, nikaivuta kwa mikono miwili mpaka kucha ikang'oka, ikatoka. Kaniki ilikuwa imechanika, nta nyeupe inaonekana. Nikachota tope kwa viganja mpaka swichi ikaonekana, nikashusha bamba. Matano alikuwa ameinuka, ananiangalia, na usoni mwake niliona anahesabu, kuanzia swali lake mpaka sasa.

Salehe akaleta lori. Bamba likashuka unene wa kidole, mota ikanguruma, na geti likafunguka, limepinda na linakwaruza, lakini kwa mwendo wake ule ule wa siku zote. Halikuwa na haraka. Nilirukia nyuma ya lori likiwa linatembea.

Njiani tulikwama mara moja karibu na kijito, watu wa shambani wakatusukuma. Bi Sikudhani alimpa mwanangu maji kwa ncha ya khanga. Mimi nilikishika kichwa chake kisigonge bodi ya lori. Pembe ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, na kila lori lilipoyumba ilinichoma ubavuni. Tulifika Kisarawe baada ya adhuhuri. Wakampokea pale pale, wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Alasiri daktari alitoka akatuambia mama atapona. Alilisema hilo kwanza, na alikuwa mtu mwenye huruma. Kisha akasema mtoto alikuwa ameshafariki tumboni kabla hatujafika. Alikuwa wa kike. Tulimzika jioni ile ile, Salehe na mimi na watu wawili wa msikitini pale. Nilimbeba mimi. Huyu sikuweza kumbeba kwa mkono mmoja. Alikuwa mtoto kamili, mzito, ana nywele.

Tulipokuwa tunanawa mikono, Salehe alinishika mkono akaubusu. Alisema anajua ile pembe ilikuwa ya nini. Watu wa kambi wote watakuwa wameshajua. Alisema anaelewa nilikuwa nimeshikwa pabaya, kwamba kuifukua ni kumpoteza mtoto na kuiacha ni kumpoteza mama, na kwamba nilichagua mke wake. "Baba, hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini," akasema. Alikuwa ananipa nguo safi ya kuvaa, nami nilikuwa uchi, nikaivaa.

Asubuhi iliyofuata nikaruhusiwa kumwona Mwanahalima. Alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, amefunikwa shuka la hospitali mpaka kidevuni. Nilikaa kwenye ukingo wa benchi. Nilimwambia mtoto tumemlaza vizuri, amesomewa, amewekwa chini ya mkorosho. Nilimwambia maharage yatakuwa yameungua. Alitabasamu kidogo kwa hilo, na lilikuwa tabasamu la mama yake. Kisha nikaanza kumwambia yale aliyoniambia Salehe, habari ya pembe, na jinsi ilivyobidi kuchagua. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Hadithi ile ilikuwa imeshanikaa vizuri kwa usiku mmoja tu.

Alinisikiliza mpaka nikafika mahali pa kuchukua mtaimbo. Ndipo akanikatiza, taratibu.

"Nilikuwa nasikia, Baba. Lori lilikuwa pale pale langoni. Matano alipokuuliza habari ya shimo, nilikusikia ukisema kila Ijumaa."

Niligeuza macho dirishani.

"Nilikuwa nimeanza kuwaza shimo mimi mwenyewe. Nimekulia kwenye geti, najua mvua inachofanya. Nilitaka kumwambia Salehe ainue bamba. Nilipokusikia, nikaacha. Nikasema Baba kashasafisha, basi si hapo." Alipumua, ikamuuma, akangoja. "Bi Sikudhani ameniambia habari ya kidole. Ameniambia mwanzo alishika, na ameniambia saa ngapi aliacha. Ulikuwa hujaenda kuchukua mtaimbo."

Nilitoa pembe mfukoni nikaiweka juu ya shuka, sijui kwa nini, labda nilitaka aone ilivyokuwa ndogo. Hakuigusa. Nilimwambia niliogopa. Nilimwambia yote, la Mzenga na la zile Ijumaa ishirini ambazo nilipiga chuma watu wasikie, na ile hofu ndogo chafu niliyokwisha kuisema. Nililia kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuza nyuso. Nilimwomba radhi, mimi baba, nikimwomba mtoto. Aliutoa mkono ndani ya shuka, akaushika wangu, ule wenye kidole kilichong'oka kucha, akaufunika. Aliushika muda mrefu.

"Mimi nimekusikia," akasema mwishowe. "Salehe hajakusikia. Yuko nje anakuombea dua. Nenda kamwambie, Baba. Usiniache nikae naye nyumba moja na jambo hili peke yangu."

Nilimwomba aningojee tupone kwanza, turudi Soga kwanza. Alifumba macho. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniinua kwenye benchi.

Salehe alikuwa kwenye kivuli cha lori, amekaa juu ya debe la maji, anasoma tasbihi. Aliponiona alisimama haraka kama anavyosimama siku zote nikija, akalifuta debe kwa mkono wa shati lake, akalisogeza ili nikae mimi. Akaniuliza mgonjwa ameamkaje. Nikamwambia ameamka vizuri, anamsalimia.

Nikakataa kukaa. Nikabaki nimesimama mbele yake, nikaanza na Ijumaa.